Mswala wa Kale wa Kituruki: Namna ya Kusoma Fundo, Rangi na Mchoro Wake

Muuzaji akikukunjulia mswala wa kale wa Kituruki, kitu cha kwanza atakachokuonyesha ni mihrabu: tao lililochongoka, taa inayoning'inia, nguzo mbili, maua. Hapo si mahali pa kuanzia. Mchoro wa Gördes, mji wa Anatolia magharibi (Anatolia ni sehemu ya Uturuki iliyo Asia), umenakiliwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 katika Bandırma, Kayseri na Hereke, hata Tabriz kule Iran, na baadhi ya nakala hizo zimefumwa kwa ustadi kuliko nyingi za asili. Kisichonakilika kirahisi ni sufi yenyewe, namna ilivyotiwa rangi, na namna fundo lilivyokaa kwenye uzi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza mgongoni mwa zulia, unakaa sana kwenye rangi, ndipo unafika kwenye mchoro.

Maneno tutakayotumia ni haya. Mtande ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa zulia, na mshindio ni zile zinazokatiza. Manyoya ni ncha za mafundo zinazosimama usoni. Kwa sehemu za mchoro tunaazima lugha ya kanga: mji ni uwanja wa katikati, na pindo ni fremu inayouzunguka.

Andaa utepe wa kupimia wenye sentimita, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, vitambaa vyeupe vya pamba, maji safi, sindano butu na daftari. Fanya kazi mchana, karibu na dirisha, lakini si juani. Taa za njano za dukani huipendezesha kila nyekundu na kuifanya kila zambarau ionekane kahawia.

Hatua ya 1: Pindua zulia, soma mgongo

Lilaze kifudifudi sakafuni. Pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha urefu pande zote mbili. Miswala mingi ya Anatolia ina upana wa sm 110 hadi 130 na urefu wa sm 160 hadi 190. Tofauti ya sm 3 au 5 kati ya juu na chini isikutie shaka, kwani mitande ya sufi hulegea na kukazika kadiri kazi inavyoendelea. Zulia la kijijini lililonyooka kama rula ndilo la kutiliwa shaka.

Sasa tazama fundo. Fundo la Kituruki, ambalo pia huitwa fundo la Gördes, huizunguka mitande miwili, na ncha zake zote mbili hutokea katikati ya mitande hiyo. Kwa nyuma huonekana kama vinundu viwili vya ukubwa sawa vilivyokaa bega kwa bega. Ili kuhakikisha, geuza zulia uso juu, likunje sambamba na mshindio, na uachanishe manyoya kwa sindano butu: utaona kikanda kidogo cha uzi kimelala juu ya mitande miwili, na ncha mbili zikitokea chini yake. Ukiona uzi unauzunguka kikamilifu mtande mmoja tu na kupita nyuma ya wa pili, hilo ni fundo la Kiajemi. Lipo Uturuki pia, hasa katika kazi za ikulu ya Osmania, lakini kwa mswala unaodaiwa kutoka Kula au Mucur, miji mingine ya ufumaji, ni kasoro kubwa.

Kuhesabu mafundo kunawachanganya wengi. Weka utepe mgongoni, hesabu mafundo katika sm 10 za upana, kisha sm 10 za urefu, uzidishe. Kosa la kawaida ni kuhesabu kila kinundu kama fundo zima. Vinundu viwili vya rangi moja vilivyo bega kwa bega ni fundo moja, kwa hiyo anayekosea hupata idadi mara mbili. Tuseme umepata 30 kwa upana na 40 kwa urefu: hayo ni mafundo 1,200 kwa desimita ya mraba, na mswala wa sm 120 kwa 170 utakuwa na mafundo yapatayo 244,800. Hesabu sehemu tatu tofauti uchukue wastani. Idadi kubwa si cheti cha ubora. Mswala wa Konya wenye mafundo machache na sufi inayong'aa unaweza kuwa bora kuliko wa Kayseri wenye maradufu.

Uwiano wa namba hizo mbili unaeleza umbo la mchoro. Mafundo ya urefu yakizidi sana yale ya upana, duara hulala na kuwa yai. Yakikaribiana, maua hubaki na umbo lake.

Tazama nyuzi zenyewe. Katika kazi za vijijini mtande kwa kawaida ni sufi nyeupe isiyotiwa rangi, na mshindio hupita mara mbili kati ya safu na safu. Ladik na Mucur mara nyingi wana mshindio mwekundu. Gördes wa baadaye hutumia pamba, na hata sehemu nyeupe za uso wakati mwingine ni pamba. Utazitambua kwa weupe wao mkali usio na mng'ao, tofauti na sufi yenye rangi ya maziwa. Mtande wa pamba uliosokotwa kwa mashine, wenye unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho, unaelekeza kwenye karakana za mwishoni mwa karne ya 19 au baada ya hapo.

Ukiona mistari mifupi ya mshazari mgongoni, usidhani ni jeraha. Ni mahali mfumaji alipomaliza kipande kimoja cha upana kabla ya kuhamia kingine, akirudisha mshindio njiani.

Hatua ya 2: Pitisha kiganja

Geuza zulia uso juu na upapase kutoka chini kwenda kwenye kilele cha mihrabu, kisha kurudi. Upande mmoja mkono utateleza, upande mwingine utakwaruza. Manyoya huinamia upande kazi ilikoanzia. Miswala mingi ya Anatolia ilifumwa kichwa chini, yaani kilele cha mihrabu kilianza, kwa hiyo manyoya yanainamia kilele. Andika ulichokuta, kwa sababu ndicho kinachokuambia zulia litazamwe kutoka upande gani: ukisimama panapoelekea ncha za manyoya rangi zinakoza, ukisimama upande wa pili zinafifia na kung'aa. Picha za mauzo karibu zote hupigwa kutoka upande unaopendeza. Mwombe muuzaji picha za pande zote mbili.

Hatua ya 3: Rangi

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Anza kwa kuhesabu rangi, bila kuhesabu vivuli vya rangi moja. Mswala mzuri wa kijijini una rangi 6 hadi 10. Mucur hupenda kuzidisha, hasa kwenye pindo lake. Kisha chukua kila rangi peke yake, achanisha manyoya, na ulinganishe sehemu tatu kwa lenzi: ncha, katikati na shina karibu na fundo. Linganisha pia na mgongo, ambao haukuona jua.

Nyekundu ya asili inatokana na mizizi ya rubia, ambayo Waturuki wanaiita kökboya. Sufi huchemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike, kisha huwekwa kwenye maji ya mizizi. Wanaotia rangi kwa njia hii leo hutumia shabu karibu gramu 200 kwa kilo ya sufi, na mizizi nusu kilo hadi kilo nzima. Moto lazima uwe mdogo: joto likipita nyuzi 70 hivi za Selsiasi, rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi hutoka na nyekundu hugeuka tofali. Maji yenye chokaa huipa nyekundu uhai. Ndiyo maana rubia ileile hutoa nyekundu ya tofali kwa Milas, nyekundu safi kwa Ladik, na waridi hafifu iwapo maji yaleyale yatatumika mara ya pili au ya tatu. Nyekundu ya rubia hufifia taratibu. Ncha na shina vitatofautiana kidogo tu, bila mstari wa ghafla katikati.

Buluu ni nili. Haihitaji shabu. Sufi hutoka kwenye pipa ikiwa na ukijani, na hugeuka buluu ikikutana na hewa; kila kuchovya kunaongeza kina. Lakini buluu haikuambii umri wa zulia. Nili ya kiwandani ilianza kuuzwa mwaka 1897, na kiini chake ni kilekile cha nili ya majani. Muuzaji anayekuonyesha buluu nzuri kama ushahidi wa ukale hajakuonyesha kitu.

Manjano hutoka kwenye mimea kama reseda na matunda mabichi ya cehri, kichaka cha Anatolia. Ni rangi dhaifu mbele ya mwanga, na udhaifu wake unaonekana zaidi kwenye kijani, ambayo ni manjano iliyochovywa kwenye nili. Manjano ikikimbia, usoni hubaki buluu au kijani cha maji ya bahari, na mgongoni kijani kamili. Ukikuta hali hiyo umepata ishara njema. Kijani kilicho sawasawa mbele na nyuma, chenye ukali, karibu kila mara ni cha kiwandani. Wapo wanaosema kijani ni adimu kwenye miswala kwa sababu ni rangi tukufu isiyofaa kukanyagwa. Mihrabu za kijani zipo nyingi, Mucur na kwingineko. Uchache wake unaelezeka vizuri zaidi kwa gharama ya kuchovya sufi mara mbili katika rangi mbili.

Zambarau ya bilinganya, ambayo ni fahari ya Milas na kazi nyingi za Anatolia ya kati, hupatikana kwa rubia iliyotiwa chuma. Kahawia isiyokolea hutoka kwenye maganda ya jozi au ni sufi ya kondoo mwenye rangi hiyo.

Kahawia iliyokoza na nyeusi zinahitaji macho zaidi. Zilitiwa kwa chuma pamoja na vinundu vya mwaloni, na chuma hicho huila sufi polepole. Baada ya miaka mingi sehemu nyeusi huzama, na maua ya jirani yake hubaki yameinuka. Walaghai wanajua hilo, nao hukata manyoya meusi kwa makasi. Tofauti iko kwenye lenzi. Sufi iliyoliwa na chuma ni kavu, inakatika ukiigusa kwa sindano, na kina chake hubadilika kutoka mahali hadi mahali kwa sababu kila fungu la uzi lilipata chuma kwa kiasi chake. Sufi iliyokatwa ina ncha bapa, zote zimelingana, na shina lake bado lina nguvu. Kumbuka pia kwamba nyeusi iliyotokana na kondoo mweusi haizami kamwe, hata zulia liwe la miaka 200.

Sasa rangi za kiwandani. Mauve, ya kwanza, ilipatikana mwaka 1856. Fuksini ikafuata ndani ya miaka michache, na baada ya 1870 zikaja jamii za rangi za machungwa na nyekundu kali. Fuksini ndiyo rahisi kuitambua: usoni imekuwa kijivu au rangi ya majivu yenye ukahawia, huku mgongoni na kwenye shina bado ni zambarau ya kupiga kelele. Rangi za machungwa za baada ya 1870 hazifi hivyo; hubaki kali huku jirani zake zote zikiwa zimepoa, na huo ukali wa peke yake ndio dalili.

Fanya jaribio la maji. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kibonyeze juu ya nyekundu kwa muda wa dakika moja, kisha fanya vivyo hivyo kwa nyeusi na machungwa, kila rangi na kitambaa chake. Rubia na nili zilizotiwa vizuri haziachi kitu, ingawa uchafu wa kijivu ni jambo la kawaida. Alama ya waridi au machungwa inamaanisha rangi ya kiwandani isiyoshika, na zulia hilo halitafuliwa kwa maji kamwe.

Mipaka ya jaribio hili ni miwili. Alizarini ya kiwandani, iliyoingia sokoni muda mfupi baada ya 1869, ni ndugu wa rubia na macho hayawezi kuitofautisha kwa uhakika. Hapo inahitajika maabara na uzi wa milimita chache. Na kuwepo kwa rangi za mimea si uthibitisho wa ukale. Mradi wa DOBAG, ulioanza mwaka 1981 chini ya mkemia Harald Böhmer pamoja na wanakijiji wa eneo la Ayvacık, umerudisha rubia na nili vijijini, na mazulia yake ya mwanzo sasa yana zaidi ya miaka 40 ya kukanyagwa.

Jambo la mwisho kwenye rangi ni abrash, yaani mabadiliko ya kivuli ndani ya rangi moja. Uzi ulitiwa rangi kwa mafungu madogo, na fungu jipya halikufanana kabisa na lililotangulia. Kwa kuwa mfumaji husonga safu kwa safu, abrash ya kweli hukatiza zulia kwa upana, ikifuata mshindio. Kivuli kinachobadilika kwa umbo la doa, au kinachopanda wima, ni kiraka. Abrash iliyotawanyika sawasawa zulia zima kila baada ya sentimita kadhaa ni ya kutengenezwa, kwani mafungu ya uzi hayakuwa yakiisha kwa ratiba.

Hatua ya 4: Mchoro, kutoka mji hadi pindo

Tazama tao kwanza, kwa sababu mabega yake ndiyo yanayotaja mahali.

Gördes ana tao refu lenye mabega yaliyojipinda na shingo nyembamba, juu ya mji wa rangi moja usio na mchoro: nyekundu, buluu au maziwa. Nguzo zake mbili zilirithiwa kutoka miswala ya ikulu ya karne ya 16, ambako zilibeba tao kweli kweli. Mwaka 1585 Sultani Murad III aliagiza mafundi 11 wa mazulia kutoka Kairo waje Istanbul, na kazi za ikulu za wakati huo ziliacha alama yao hadi vijijini. Ukipanga mazulia ya Gördes kwa umri, unaona nguzo zikipoteza tako, zikawa shina la maua, na mwisho zikaning'inia hewani bila kugusa chini. Taa nayo, ambayo wengi huihusisha na aya ya 35 ya Surat An-Nur, hugeuka birika, kisha shada la maua. Mabadiliko haya yanasaidia kupanga mazulia kwa mfuatano, lakini usiyafanye kalenda: mfumaji wa 1880 aliweza kunakili zulia la bibi yake nguzo kwa nguzo. Juu ya tao, na mara nyingi chini ya mji, kuna kibao cha mstatili. Pindo la Gördes ama ni pana lenye majani na maua, ama ni mistari mingi myembamba ya kupokezana nyeupe na nyeusi yenye maua madogo.

Kula alikuwa jirani na akafuma kwa mikono mizito zaidi. Tao lake ni la chini, pande za mji zimenyooka, na minyororo ya maua hushuka ndani ya mji badala ya nguzo. Rangi zimepoa: dhahabu, buluu ya wastani, kahawia ya kutu. Aina moja ina vinyumba vidogo na misaipresi iliyorudiwarudiwa, nayo huitwa mazulia ya makaburi. Jina hilo limezaa simulizi nyingi za mazishi. Unapoandika maelezo ya zulia, andika kinachoonekana, nyumba na miti, uishie hapo.

Ladik, upande wa Konya, humtambui kwa tao bali kwa kibao chake: safu ya tulipu zenye mashina marefu, zilizosimama juu ya mihrabu au zilizopinduliwa chini yake. Aina moja ina matao matatu yenye nguzo. Pindo kuu hupokezanisha ua la duara na yungiyungi, na nyekundu yake na buluu ni za wazi.

Milas hubana shingo ya tao kutoka pande zote mbili, na kichwa hubaki na umbo la almasi. Mji ni wa nyekundu ya tofali, mabega ni ya maziwa, manjano ni nyingi, zambarau imo.

Mucur hupandisha tao kwa ngazi, akilizungushia mistari ya rangi kadhaa, na pindo lake limegawanywa miraba kama vigae, kila mraba na rangi zake. Kırşehir, jirani yake, aliathiriwa na maua ya Kizungu wakati wa Sultani Abdülmecid (1839 hadi 1861), kwa hiyo ukiona mawaridi manono ya waridi na kijani angavu, fikiria kipindi hicho au baadaye.

Hereke na Kumkapı ni habari nyingine kabisa: hariri, mafundo madogo mno, nyuzi za madini, kazi za karakana. Kanuni nyingi za mwongozo huu hazizihusu.

Kuna pia mazulia yenye tao pande zote mbili. Wengine huyahusisha na amri ya mwaka 1610, ambapo Sultani Ahmed I aliwaandikia maofisa wa Kütahya akikataza kufuma mihrabu, Kaaba au maandishi kwenye mazulia yatakayouzwa kwa wasio Waislamu. Hata hivyo miswala yenye tao moja ilivuka mpaka kwa wingi, na leo kanisa la Kilutheri la Braşov nchini Romania, linaloitwa Kanisa Jeusi, lina moja ya hazina kubwa zaidi za mazulia ya Anatolia nje ya Uturuki. Kwa hiyo pindo lenye vibao virefu vinavyopokezana na nyota si ishara ya Ulaya. Lilifumwa Anatolia ya magharibi na likahifadhiwa Transylvania, eneo la Romania ulipo mji wa Braşov.

Ukimaliza tao, fuatilia kila pindo dogo hadi kwenye kona zote nne. Kijijini mchoro wa pindo mara nyingi hugongana kwenye kona bila kupatana, kwa sababu mfumaji hakuwa na karatasi ya kufuatisha. Kona zilizopatana kikamilifu zote nne zinaonyesha karakana. Hesabu pia vipindo upande wa kushoto, kulia, juu na chini. Vikipungua upande mmoja, zulia limekatwa.

Tahadhari kuhusu maana za alama. Utaambiwa pembe za kondoo ni ushujaa, komamanga ni uzazi. Baadhi ya majina hayo yanatumika kweli vijijini, lakini orodha za maana zilizokamilika zimeenea zaidi madukani kuliko kwenye vitanda vya kufumia. Nunua zulia, usinunue kamusi yake.

Hatua ya 5: Tarehe iliyofumwa

Ukikuta tarakimu za Kiarabu, kwanza angalia kama zimegeuka; mfumaji asiyejua kusoma aliweza kuziweka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mwaka wa Hijria hubadilishwa kwa kuuzidisha na 0.97 na kujumlisha 622. Hivyo 1211 ni karibu 1796 au 1797, na 1311 ni karibu 1893 au 1894. Mifano hii miwili imechaguliwa makusudi: tofauti kati ya ٣ na ٢ ni jino moja, na jino hilo linaweza kuondolewa kwa kubadilisha mafundo machache, zulia likazeeka karibu miaka 100 kwa mchana mmoja. Tazama mgongo wa tarakimu kwa lenzi. Mafundo ya asili yamebanwa na kulainika pamoja na jirani zake. Yaliyopachikwa yametuna na rangi yake haikufuata abrash ya safu hiyo. Tarehe ya kweli nayo inaweza kuwa imenakiliwa kutoka zulia la zamani zaidi, kwa hiyo rangi zikigombana na tarehe, ziamini rangi.

Hatua ya 6: Mahali pa kutafuta udanganyifu

Mswala uliosaliwa umechakaa miguu iliposimama, magoti yalipotua na paji la uso lilipogusa. Uliochakazwa kwa makusudi umekwanguliwa sawasawa kila mahali, na mgongo wake bado ni mkali na wenye vinyuzinyuzi, wakati mgongo wa zulia la zamani umelainika na kung'aa kwa kusuguliwa na sakafu.

Achanisha manyoya mahali palipochakaa ukiangalia wino. Mitande iliyo wazi hupakwa rangi kwa kalamu ili kuficha upara. Kitambaa chenye maji kitaifichua, na chini ya lenzi rangi imekaa juu ya uzi bila kuingia ndani. Nusa zulia. Klorini huacha ncha zilizofifia, sufi kavu isiyo na mafuta na shina lenye rangi kali. Chai huacha manjano hata kwenye mitande myeupe ya ndani, ambako vumbi la miaka haliingii kwa usawa huo.

Ukiambiwa ni hariri, omba uzi mmoja wa manyoya na uuchome mbali na zulia. Hariri na sufi hunuka nywele zinazoungua na kuacha kidonge cheusi kinachosagika. Pamba iliyong'arishwa, inayotumika sana Kayseri, hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi.

Ughushi wa ngazi ya juu upo pia. Teodor Tuduc wa Romania, aliyefanya kazi karne ya 20, alitengeneza nakala za mazulia ya Transylvania na Ladik zilizoingia hadi kwenye makumbusho. Wataalamu huzitambua zaidi kwa rangi zake zilizopauka na sufi yake isiyo na uhai, kwa sababu michoro aliiga vizuri mno.

Ukinunua Uturuki kwenyewe, sheria namba 2863 ya mwaka 1983 inazuia kutoa nchini mali za urithi. Dai hati ya makumbusho inayoruhusu zulia hilo kutoka, yenye picha na vipimo vyake, kabla hujalipa. Neno la muuzaji halitakusaidia forodhani.

Hatua ya 7: Kulitunza, hasa kwenye joto la Pwani

Unyevu wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ni adui wa mitande ya pamba, na nondo wanapenda sufi iliyofichwa gizani. Zulia linalokanyagwa na kugeuzwa kila wiki haliliwi; lililokunjwa kabatini ndilo hutoboka. Vuta vumbi kwa mashine yenye nguvu ndogo, ukifuata mlalo wa manyoya, bila brashi inayozunguka, na usiguse vishungi vya mitande kwenye ncha za zulia. Mgongo nao uvutwe vumbi mara moja kwa mwezi.

Ukiona chenga kama mchanga na mafundo yaliyoliwa, lizungushe zulia kwenye nailoni, toa hewa, funga kabisa, na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, liache ndani ya nailoni saa 24 lipate joto la chumba. Ukifungua mapema, umande utaganda juu ya sufi. Rudia mara ya pili baada ya siku chache, kwa ajili ya mayai yaliyosalimika.

Usifue nyumbani kama jaribio la maji liliacha alama yoyote. Kama halikuacha, tumia maji baridi na sabuni isiyo na magadi wala kemikali ya kung'arisha, suuza hadi maji yawe meupe, kisha likaushe limelala, kivulini, kwenye upepo. Kuliningʼiniza likiwa limeloa kunavuta mitande, na zulia halitalala sawa tena.

Kwa kuhifadhi, liviringishe kwenye bomba lenye upana wa sm 10 au zaidi, kuanzia upande manyoya yanakotokea ili yalale bila kusukumwa kinyume, ukiweka kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kati ya tabaka. Usitumie nailoni kwa kuhifadhi muda mrefu. Hufungia unyevu ndani. Fungua na ukague kila baada ya miezi mitatu, ukianzia mgongoni.